Je, wajua kwa nini Sarojini Naidu aliacha kutoa diwani mpya?

Mwaka 1917 Sarojini Naidu, ambaye Wahindi wengi wanamkumbuka kama ndege mwimbaji wa India, alichapisha The Broken Wing, diwani yake ya tatu kwa Kiingereza. Alikuwa na umri wa miaka 38. Aliishi hadi Machi 1949, na katika miaka yote hiyo hakutoa diwani nyingine mpya. Mwaka 1928 kilitoka kitabu kinene chenye jina lake, lakini ndani mlikuwa na mashairi yaleyale ya zamani, yamekusanywa tu pamoja. Mshairi aliyependwa vile alinyamazishwa na nini?

Wengi hujibu: siasa. Ni kweli, ila jibu hilo halitoshi, maana wapo washairi tele waliotunga hata wakiwa kifungoni. Mimi naona mzizi wa jambo uko nyuma zaidi, kwenye namna alivyokipata Kiingereza chenyewe na ushauri aliopewa akiwa bado binti.

Alizaliwa Hyderabad mwaka 1879 katika familia ya Kibengali. Baba yake, Aghorenath Chattopadhyay, alikuwa mwanasayansi aliyesomea Edinburgh. Mama yake alitunga mashairi kwa Kibengali. Sarojini mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa mkaidi, hakutaka kabisa kusema Kiingereza, hata siku moja, akiwa na miaka tisa, baba yake akamfungia chumbani peke yake kutwa nzima. Alipotoka, Kiingereza kikawa ndiyo lugha yake na baba yake, na hata na mama yake, ingawa mama aliendelea kumjibu kwa Kihindustani. Akiwa na miaka kumi na mmoja alikuwa akihangaika na hesabu ya aljebra iliyokataa kutoka. Badala ya jibu likamjia shairi zima, akaliandika. Baba alitaka awe mwanahisabati au mwanasayansi. Pole yake.

Mwaka 1895 alipelekwa Uingereza kwa msaada wa masomo wa Nizam, mtawala wa Hyderabad, akasoma King's College, London, kisha Girton, Cambridge. Huko akampelekea mhakiki Edmund Gosse furushi la mashairi. Gosse aliyakuta yamekaa sawa kwa sarufi na kwa umbo, lakini yamejaa ndege wa Kiingereza na kengele za makanisa ya vijijini, mwangwi mtupu wa Tennyson na Shelley, washairi wa Kiingereza. Akamwambia ayatupe yote, aandike kuhusu India: milima yake, bustani zake, mahekalu yake, watu wake.

Binti alitii, na utii huo ndio uliomfanya ajulikane. Diwani ya kwanza, The Golden Threshold, ilitoka London mwaka 1905. Humo mna wabeba machela wanaomchukua bibi harusi, na mapigo ya mistari yanafuata mwendo wa miguu yao, wepesi na wa kupokezana. Mna wafumaji pia, katika shairi fupi la beti tatu ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote. Alfajiri wanafuma nguo ya buluu ya mtoto mchanga. Jioni, shela ya arusi ya malkia, zambarau na kijani kama tausi. Usiku, penye baridi ya mbalamwezi, wanafuma kitu cheupe, nacho ni sanda. Msomaji aliyelelewa kwenye vina na mizani atamwelewa mara moja, kwa sababu tungo zake zilikusudiwa sikio kabla ya jicho.

Tatizo ni kwamba India hiyo ilikuwa ile aliyoitamani Gosse. Wauza bangili, wacheza nyoka na wafumaji wote wanaimba, na hakuna anayelalamikia kodi. Alipojaribu jambo la wakati wake, kama katika shairi la mwaka 1915 kuhusu askari wa Kihindi waliokufa kwenye vita vya Waingereza, uchungu ulikuwepo, ila wafu walibaki kuwa maua yaliyofyekwa huko Flanders na kombe zilizotawanyika kwenye mchanga wa Misri. (Tanga, ambako askari wa India walikufa Novemba 1914, hakuitaja.)

Baada ya hapo maisha yake yalijaa mambo yasiyoingia kwenye lugha hiyo. Januari 1924 alikuja Mombasa kuongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki, miezi michache baada ya serikali ya Uingereza kuamua kwamba nyanda za juu za Kenya zibaki kuwa za walowezi wa Kizungu. Mwaka 1925 akawa mwanamke wa kwanza wa Kihindi kuwa rais wa Congress, chama kilichopigania uhuru wa India. Mei 1930, Gandhi akiwa amekamatwa, yeye ndiye aliyewaongoza watu wapatao 2,500 kwenye ghala la chumvi la Dharasana, kupinga sheria ya Waingereza ya chumvi, akiwaagiza wasiinue hata mkono kukinga rungu. Walipigwa safu baada ya safu, naye akakamatwa. Ufasaha wote ulihamia jukwaani.

Na wakati huohuo ladha ya ushairi wa Kiingereza ilikuwa imebadilika. Washairi wa India waliomfuata, kama Nissim Ezekiel wa Bombay aliyetoa kitabu cha kwanza mwaka 1952, walichagua Kiingereza kikavu cha mtaani na ofisini, chenye kejeli. Kwao Sarojini alikuwa mtamu kupita kiasi. Wana haki kwa kiasi fulani, ingawa sijaona kwao ubeti wa kushindana na ile sanda.

Hata hivyo hakuacha kutunga kabisa. Mwaka 1961 binti yake Padmaja, wakati huo gavana wa Bengali Magharibi, alichapisha The Feather of the Dawn, mashairi ambayo mama yake aliyaandika mwaka 1927 na kuyaweka. Miaka miwili baada ya kuongoza Congress, bado alikuwa akimwimbia Krishna, mungu wa Kihindu, kwa sauti ileile ya 1905.