Vito vya mfalme aliyepinduliwa: kwenye TV ni hela, sokoni ni kesi

Kuna episodi moja ya The Saint, ile tamthilia ya TV ya Uingereza, ambayo kila mtu anayependa mawe ya thamani inabidi aione, inaitwa The Queen's Ransom, ya 1966, Roger Moore akiwa bado hajawa James Bond. Stori iko hivi: Simon Templar, ndiye Roger Moore mwenyewe, yuko Monte Carlo, anamwokoa mfalme aliyepinduliwa, Fallouda, asiuawe, halafu huyo mfalme anamwomba amsindikize malkia Adana mpaka Zurich wakachukue vito vyake benki, maana vito hivyo ndiyo hela yenyewe ya kurudia kwenye kiti cha enzi. Na kuna watu wengine wanavitaka hivyo vito kwa udi na uvumba, kwahiyo safari inakuwa ya kuviziana. Dawn Addams ndiye malkia, George Pastell ndiye mfalme, na wote wawili wanacheza vizuri, hasa Dawn Addams, yule mama ana kiburi cha kifalme mpaka unakiamini.

Mimi kazi yangu ni kuthaminisha vito, lupu (kile kioo kidogo cha kukuzia) jichoni kutwa nzima, na kila nikiiangalia hii episodi swali langu haliko kwenye bastola wala magari. Najiuliza hivi, sawa, amevipata vito vyake, sasa anamuuzia nani? Na kwa bei gani? Hapo ndipo penye stori kubwa kuliko ya kufukuzana, na hapo ndipo TV huwa inaruka.

Kwanza niseme kitu kuhusu rangi, kwa sababu mtu wa vito hawezi kukaa kimya hapa. Kabla ya hii kulikuwa na episodi 71 zote nyeusi na nyeupe, hii ndiyo ya kwanza ya rangi kurushwa, na mimi naona kuanza na vito lilikuwa chaguo la akili sana. Kwenye picha nyeusi na nyeupe rubi na zumaridi zote ni kijivu tu, almasi peke yake ndiyo inajitetea kwa ule mmeto wake. Ila Waingereza wenyewe waliiangalia hivyohivyo bila rangi, maana ITV, kituo kilichokuwa kinairusha, ilianza kurusha rangi Novemba 1969, kwahiyo ile rangi walilengwa hasa watazamaji wa Marekani.

Turudi kwenye mzigo. Kitu ambacho episodi imepatia kabisa ni kwanini mtu anayekimbia nchi anabeba vito na sio dhahabu. Mwaka 1966 dhahabu rasmi ilikuwa dola 35 kwa aunsi, kwahiyo ukitaka dhahabu ya dola milioni 1 unazungumzia karibu kilo 890, hapo unahitaji lori na watu wa kupakia. Karati 5 ni gramu 1, yaani almasi za karati 100 zote kwa pamoja ni gramu 20, zinaingia kwenye kiganja na bado unafunga ngumi. Na Zurich pia wamepatia, sheria ya Uswisi ya siri za benki ipo tangu 1934 na watawala wengi walioona upepo umegeuka walitanguliza vitu vyao huko mapema.

Kuuza sasa ndiyo shughuli.

Mtazamaji wa mwaka ule akisikia mfalme aliyepinduliwa, kasino na vito, jina la kwanza kumjia lazima lilikuwa Farouk wa Misri, aliyeondoka Alexandria kwa boti ya kifalme Mahrousa tarehe 26 Julai 1952 na kufariki Roma 1965, mwaka mmoja tu kabla ya episodi. Mwaka 1951 alichukua kwa Harry Winston, yule sonara mkubwa wa New York, almasi inayoitwa Star of the East, umbo la pea, karati 94.80. Akapinduliwa hajailipa. Winston akahangaika miaka kadhaa mpaka kuipata tena. Na vile alivyoviacha Farouk nyuma, serikali mpya ilivishika na 1954 ikaita Sotheby's, kampuni ya minada ya London, waendeshe mnada palepale kwenye ikulu ya Koubbeh, Cairo, kuanzia vitu vya Fabergé, yule sonara wa Urusi, mpaka sarafu zake. Kwenye zile sarafu kulikuwa na ile ya dhahabu ya dola 20 ya Marekani ya 1933, ambayo serikali ya Marekani iliomba itolewe kwenye mnada kwa sababu kwa sheria yao haikutakiwa hata kuwa mtaani.

Hapo ndipo tatizo la kwanza la Fallouda lilipo. Kito cha kifalme kina wenyewe wawili, aliyekivaa na nchi iliyokilipia, na serikali mpya itasema ni mali ya umma hata kama malkia alikinunua kwa hela yake ya urithi. Mnunuzi mwenye akili hanunui kesi. Akinunua, anakata bei kwa ajili ya hiyo kesi. Mimi mwenyewe nikiletewa jiwe kubwa na muuzaji anakuwa na haraka na karatasi hazieleweki, kabla sijashika lupu nauliza limetoka wapi, na jibu la hapo linashusha thamani kuliko ufa wowote ndani ya jiwe.

Tatizo la pili, jiwe lenyewe linajulikana. Kwenye TV begi la vito ni kama begi la noti, lakini noti haina sura, jiwe lina sura. Chukua zumaridi ya Kolombia, iweke chini ya hadubini na taa ya pembeni, unaziona nafasi ndogo sana zenye kingo kama za msumeno, ndani yake kuna maji, kwenye maji kuna kiputo cha hewa, na pembeni ya kiputo kuna kichembe cha chumvi cha mraba kabisa. Vitu vitatu kwenye nafasi isiyoonekana kwa macho! Ukishaichora au kuipiga picha hiyo ramani ya ndani, jiwe halijifichi tena, labda likatwe upya. Na kukata upya ndiko kunakotokea mara nyingi, linapunguzwa uzito, linabadilishwa umbo, linauzwa kama jiwe lisilo na ukoo. Vito vingi vya kihistoria vimeishia hivyo, na mimi kila nikifikiria hilo roho inaniuma kweli, kwa sababu kazi ya sonara wa miaka 150 iliyopita inayeyushwa ndani ya dakika chache.

Halafu hivi vitu havibebwi ovyo jamani. Almasi ugumu wake ni 10 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho 10 ndiyo mwisho, zumaridi ni kati ya 7.5 na 8 na tena ni jiwe lenye nyufa za asili, lulu ni laini zaidi, haizidi 4.5. Ukivichanganya kwenye mfuko mmoja ukavirusha kwenye gari linalokimbia milimani, almasi itawakwangua wenzake wote, ukifika mwisho wa safari lulu zimechunika na zumaridi imemeguka kona. Mfano halisi upo, taji la Vladimir, lile la duara za almasi zenye lulu zinazoning'inia katikati, alilokuwa akilivaa sana Malkia Elizabeth II. Lilikuwa la Maria Pavlovna, mke wa mwanamfalme Vladimir wa Urusi, likabaki limefichwa kwenye jumba lake Petrograd (leo St Petersburg) mapinduzi ya 1917 yalipotokea, na Mwingereza rafiki yake, Albert Stopford, ndiye aliyekwenda kuvitoa vito vyake na kuvifikisha London. Maria Pavlovna alitoka Urusi 1920 na akafariki Ufaransa mwaka huohuo. Binti yake Elena akarithi taji, naye maisha ya uhamishoni yakambana, akamuuzia Malkia Mary wa Uingereza mwaka 1921 kwa pauni 28,000. Lilikuwa limeumia safarini, ikabidi litengenezwe kabla ya kuvalika.

Na Elena alikuwa na bahati, alimpata mnunuzi mmoja tajiri aliyelitaka taji likiwa zima. Warusi wengine waliokimbilia Paris walikuwa wanauza wote kwa wakati mmoja, sonara akifungua duka asubuhi anakuta foleni ya mabinti wa kifalme, na soko likijaa bei inashuka, hiyo haina ubishi. Mbaya zaidi Wasovieti nao wakaingia sokoni, tarehe 16 Machi 1927 vito vya taifa la Urusi vikapigwa mnada Christie's, kampuni nyingine ya minada, London. Yaani waliofukuza na waliofukuzwa wanauza mawe ya ukoo mmoja kwa wanunuzi walewale.

Upande wa Misri kuna Malkia Nazli, mama yake Farouk. Alihamia Marekani, akagombana na mwanae mpaka akavuliwa cheo 1950. Alikuwa na mkufu wa almasi wa Van Cleef & Arpels, masonara wa Paris, wa 1939, zaidi ya karati 200, aliouvaa kwenye harusi ya binti yake Fawzia na mrithi wa ufalme wa Iran. Madeni yakamzidi, vito vikauzwa mnadani New York 1975, akafariki Los Angeles 1978. Mkufu uleule ukarudi mnadani 2015 ukafika takriban dola milioni 4.3. Jina la mfalme linalipa sana, ila linamlipa yule asiye na haraka, na mkimbizi wa kisiasa siku zote ana haraka.

Kwahiyo mimi ningekuwa mshauri wa Fallouda, ningemwambia asiuze kabisa, akope na aviweke vito rehani. Imeshafanyika. Mwaka 1920 huko New York wawakilishi wa Wasovieti walikuwa hawana hela, wakamkopa Harry Boland, mjumbe wa wapigania uhuru wa Ireland, dola 20,000, wakamkabidhi vito vya Urusi kama dhamana. Boland akavipeleka Dublin, akauawa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe 1922, na mama yake akavitunza kimya mpaka 1938 alipovikabidhi serikalini. Wasovieti walilipa deni mwishoni mwa miaka ya 1940 wakarudishiwa vito vyao.