Je, wajua kuna dhambi za mauti za nyumbani ambazo wengi hawaziungami kabisa?

Ukimuuliza mkatoliki wa kawaida dhambi kubwa za kwenye ndoa ni zipi atakutajia uzinzi, labda na kutoa mimba, hapo kamaliza. Hana mchepuko, anakomunika kila dominika, roho yake imetulia. Sasa kwanini kuna mambo mengine ya ndani ya nyumba ambayo Kanisa linayaona mazito kabisa na yanapita kimyakimya mpaka mtu anazeeka nayo?

Kwanza tuwekane sawa kuhusu dhambi ya mauti yenyewe, yaani ile nzito inayomtenga mtu na Mungu. Katekisimu, kitabu cha mafundisho rasmi ya Kanisa Katoliki, namba 1857 inataka vitu vitatu kwa pamoja: jambo liwe zito, mtu ajue vizuri kwamba ni zito, halafu alifanye kwa kukubali mwenyewe. Kikikosekana kimoja hapo hatuongelei tena dhambi ya mauti. Kwahiyo hizi ninazozitaja ni za mtu kujipima mwenyewe, sio za kwenda kumpimia shemeji yako, maana wewe unaona jambo tu, alichokuwa nacho moyoni hukioni.

Jibu la swali, kwa maoni yangu, lipo kwenye ile sala tunayosema mwanzo wa misa. Tunaungama tumekosa mno kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo "na kwa kutotimiza wajibu", na hilo la mwisho ndo tunalipita mbiombio. Tukitafuta dhambi tunatafuta kitu tulichofanya, wakati dhambi nyingi za nyumbani ni kitu ambacho hukufanya.

Chukua wazazi. Amri ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama, watu wanaiona ni ya watoto wadogo, eti utii, usimjibu mama vibaya, ukishakuwa na familia yako imeisha. Sivyo. Katekisimu 2218 inasema mtoto aliyekua ana wajibu, kadiri anavyoweza, kuwasaidia wazazi kwa mali na kwa moyo wakizeeka, wakiugua, wakiwa wapweke au wakiwa na shida. Yesu aliwasema vikali Mafarisayo kwenye Marko 7 kwa hilihili, mtu anatangaza mali yake ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili asimsaidie baba yake. Na Paulo kwa Timoteo hakuzunguka, asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Kwahiyo mtu mwenye uwezo anamwacha mama yake ahangaike mwaka mzima, simu hapokei, halafu anaungama amekula nyama ijumaa. Kweli?

Kingine ni unyumba, na hapa watu wanaona aibu hata kumwambia padre. Paulo kwa Wakorinto anasema "Msinyimane isipokuwa mmepatana kwa muda", ndo maana wanateolojia wa maadili wa tangu zamani wamefundisha kwamba kumnyima mwenza bila sababu ya maana, hasa kama silaha ya kumkomoa, ni jambo zito. Ugonjwa, uchovu wa kweli, mwenza aliyetoka nje na kuleta hatari, hizo ni sababu. Lakini wanaume wenzangu wanaopenda kuushika huo mstari wasome na upande wa pili, kwasababu Papa Paulo VI kwenye Humanae Vitae ya 1968, waraka uleule unaokataza vidonge na kondomu, namba 13, anasema tendo la ndoa analolazimishiwa mwenza bila kujali hali yake na matakwa yake ya haki sio tendo la upendo na linapingana na maadili. Watu wanakumbuka vidonge tu. Na kipigo pia, kuna wanaoambiwa vumilia ndio msalaba wako wakati sheria ya Kanisa, kanuni 1153, inamruhusu mwenza aliye kwenye hatari kubwa ya roho au mwili, yeye au watoto, kutengana na huyo anayemtesa. Ndoa haijavunjwa ila hakai pale kupigwa.

Halafu kuna kumuanika mwenza. Unamsimulia shoga yako au washkaji madhaifu ya mumeo au mkeo, tena ya kweli, na unajitetea kwamba si uongo. Katekisimu 2477 inasema kufichua makosa ya mtu kwa wasioyajua, bila sababu ya haki, ni dhambi hata kama ni kweli tupu. Na uzito unakua kadiri heshima yake ilivyoharibika. Kumweleza padre au mtu anayeweza kuwasaidia, hiyo ni sababu ya haki. Kupiga stori sio.

Na dada wa kazi je? Kumnyima mfanyakazi ujira wake wa haki ni kati ya zile dhambi chache ambazo Kanisa linasema zinamlilia Mungu mbinguni, yaani ipo kwenye orodha moja na Kaini kumuua ndugu yake Abeli. Familia inasali rozari pamoja kila jioni na binti anayefua nguo zao hajalipwa miezi mitatu.

Misa ya dominika kila mtu anaijua, kuikosa makusudi bila sababu ni jambo zito, ila mzazi anayebaki na mtoto mchanga ana sababu, asijitese.

Sasa kwenye kuungama, kanuni 988 inataka dhambi za mauti zitajwe kwa aina na idadi, yaani "nimekosana na mke wangu" haitoshi kama ulichofanya ni kumpiga. Na kama kuna uliyoisahau kweli, hukuificha, ukiungama vizuri imesamehewa pamoja na zingine, ila ukiikumbuka unaitaja kwenye kitubio kinachofuata.