Uongo njoo: maana ya kuaminiana kwenye mchezo wa kuigiza mezani

Mwendesha mchezo anasema: "Ni usiku wa mwezi mpevu. Mmekaa juu ya mawe pale Capri Point, na mnaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani." Aliyekulia Mwanza akisikia hivyo anakunja uso. Dagaa huvuliwa gizani. Taa ndiyo inayowavuta, na mbalamwezi ikishawaka taa haina kazi, kwa hiyo wavuvi hupandisha mitumbwi ufukweni, wakatengeneza nyavu na kungoja giza lirudi. Sasa hizo taa ni za nani?

Mchezaji anayemwamini mwendeshaji hunyamaza kidogo, kisha husema, "Tunatafuta mtumbwi. Twende tukaone." Asiyemwamini huanzisha ubishi: "Kaka, wewe hata dagaa hujui wanavuliwaje." Maneno waliyoyasikia ni yaleyale. Kuaminiana, kwa maana inayotumika mezani, ndiyo tofauti hiyo: mchezaji kukipokea kisichoeleweka kama fumbo lenye jibu, asikione kuwa ni kosa au hila.

Kwa ambaye hajawahi kuketi kwenye meza hizi, mchezo wenyewe hauna mashimo na kete kama bao, wala mwisho wake hakuna anayetangazwa mshindi. Watu wanne au watano wanakaa pamoja, kila mmoja na mhusika wake kwenye karatasi. Mmoja, huyo mwendesha mchezo (wengi humwita jiemu), hana mhusika mmoja. Yeye ndiye dunia nzima iliyobaki, yaani mvua, mgambo, muuza samaki, jini. Ukisema unaruka kutoka jiwe hadi jiwe, unatupa dadu, mara nyingi ile ya pande 20, na namba inasaidia kuamua kama umefika au umeteguka mguu. Yaliyo mbele anayajua yeye peke yake, na karatasi zake kaziweka nyuma ya kiwambo.

Madaraka hayo yana historia. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prusia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wa kufundishia maofisa, wenye ramani, dadu na mwamuzi aliyejua vikosi vya pande zote mbili vimejificha wapi. Kanuni zake zilikuwa nzito, hata mchezo ukawa unakwenda kwa kujikokota. Ofisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza mwaka 1876 kwamba kanuni nyingi zitupwe na mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo wa kuigiza mezani uitwao Dungeons & Dragons, na mwamuzi yule akawa msimulizi pia. Refa wa mpira hapangi timu pinzani. Huyu anaipanga, anaichezesha, na filimbi anayo yeye.

Ndiyo maana baadhi ya watu wakisikia habari za kuaminiana hudhani maana yake ni mwendeshaji asidanganye. Sikubaliani nao. Sisi tumelelewa na "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Tunauita uongo wenyewe, kwa sauti, kabla haujaanza. Mwendeshaji ana ruhusa ya kukuambia kwamba mzee wa kivuko ni mtu mwema hali anajua ni mchawi. Uongo huo umeualika mwenyewe. Usioualika ni ule wa nje ya hadithi, mtu anapochezea makubaliano ambayo kila mmoja anadhani bado yapo. Ni kama kitendawili: ukishindwa unatoa mji, na mtegaji akishaupokea anadaiwa jibu linaloingia akilini. Akileta jibu la kubuni palepale, mara ya pili hapewi hata kitongoji.

Ugomvi mkubwa hapa ni wa dadu inayotupwa nyuma ya kiwambo. Wapo waendeshaji wanaoitazama namba, wakaona itamuua mhusika wa mtu bure, wakatangaza nyingine. Wanasema wanaiokoa hadithi. Wenzao hujibu kwamba kama namba inabadilishwa, dadu imeletwa ya nini? Hesabu nayo inasema kitu. Kupata 20 mara tatu mfululizo kwenye dadu ya pande 20 hutokea mara moja katika majaribio 8,000. Mwendeshaji akitangaza hivyo kwa jini lake, bila mtu kuona, watu wataanza kutazamana. Mimi natupa dadu hadharani, katikati ya meza, kwa sababu sina uso wa kuficha kitu. Lakini sioni dhambi kwa anayebadilisha namba, mradi kundi lilikubali tangu mwanzo kwamba anaweza. Na kuna michezo ambayo mwendeshaji hatupi dadu hata mara moja. Yote hutupwa na wachezaji, kesi ikaishia hapo.

Upande wa wachezaji husemwa kidogo mno. Mwendeshaji naye anawaamini kwamba hawajazidisha namba kwenye karatasi, na kwamba dadu iliyobingiria chini ya kiti kweli ilikuwa 17. Zaidi ya hapo, anawaamini kwamba watakwenda. Ametumia jioni tatu kuandaa kisiwa kimoja chenye siri. Wachezaji wakiamua kwa ukaidi tu kubaki mjini kula sato, amefanya kazi ya bure.

Ukitaka kupima meza mpya, soma maisha ya wahusika yalivyoandikwa. Kila mhusika akiwa yatima, hana ndugu, hana mchumba, hata mbuzi hana, ujue hao wachezaji wameumizwa mahali. Mwendeshaji fulani alikuwa kila akiona jina la mama kwenye karatasi anamteka mama. Watu wakajifunza kutomwandika.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo huwezi kulikuta kwenye kitabu cha kanuni kilichoandikwa Marekani. Michezo hii hupenda dhoruba na vyombo vinavyozama. Lakini MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa njiani kuja Mwanza, na wengi waliokufa wamezikwa Igoma. Mwezi Septemba 2018 ikazama MV Nyerere, karibu na Ukara. Kwenye meza ya watu watano wa jiji hili, mmoja kuwa na msiba wake humo si jambo la kushangaza, na hana sababu ya kukueleza. Kwa hiyo kabla ya mchezo wa kwanza watu hukaa bila dadu wakaambizana: hiki kisiingie kabisa, hiki kipite kwa mbali bila kusimuliwa. Wengine huongeza kadi yenye alama ya X katikati ya meza, mbinu iliyoenezwa na John Stavropoulos. Ukiigusa, tukio linarukwa, na hakuna anayekuuliza sababu.

Kwenye meza yetu iliguswa mara moja. Kivuko kilikuwa kimeanza kuinama. Mwendeshaji akageuza ukurasa, akasema, "Mmefika Kamanga asubuhi, jua limetoka, mama mmoja anauza chapati," na dada aliyeigusa ndiye wa kwanza kuuliza bei.