Ngurumo haipigi mtu

Mvua zimeanza huku Bukoba na ndani ya wiki moja nimeshasikia mara tatu mtu mzima anamwambia mtoto "usitoke nje, ngurumo itakupiga". Jamani, ngurumo haijawahi kuua hata kifaranga.

Kifupi iko hivi. Ndani ya wingu zito kule juu kuna chembe za barafu, ndogo na kubwa, upepo unazipandisha na kuzishusha zinagongana, na kila zikigongana chaji za umeme zinahama, mara nyingi chanya zinabaki juu na hasi chini, zikirundikana sana hewa inashindwa kuzizuia na zinaruka. Huo mruko ndio umeme. Unapopita hewa inapata joto la kama nyuzi 30,000, uso wa jua haufiki hata robo ya hapo, inatanuka ghafla na kishindo chake ndo ngurumo. Sio mawingu yanagongana, mawingu yakikutana yanaingiliana tu kama moshi.

Sasa tuje kwenye maneno, maana ndo panaponiuma. Radi tumelitoa kwenye Kiarabu, ra'd, na kule maana yake ni ile sauti, aliyepita madrasa anaijua Suratul Ra'd, sura ya 13. Mwanga wao wanauita barq. Sisi tukachukua jina la sauti tukalipa kile kinachopiga, tunasema radi imepasua mti, kapigwa na radi, na hapo hakuna anayewaza kelele. Ngurumo ni letu wenyewe, simba ananguruma, lori linanguruma likipanda mlima, ni sauti tupu. Na umeme ndo umezidi kuwachanganya watoto, ukiutaja wanawaza Luku imeisha, wakati neno hili lilikuwa la mawinguni tangu zamani, kabla hata nguzo na waya hazijafika huku, waya ndo zimeazima.

Kwa hiyo kitu ni kimoja, ni umeme, ukishuka ukapiga mti au mtu ndo tunauita radi, na ngurumo ni sauti yake inayokuja nyuma. Inachelewa kwa sababu sauti inatumia kama sekunde 3 kwa kilomita moja na mwanga unafika papo hapo, mtoto akiona mwanga ahesabu, akifika 9 ndo anasikia basi ilikuwa kilomita 3 hivi. Yaani mpaka anashtuka kwa ule mlio, radi yenyewe imeshapita. Lakini ukiisikia ujue uko karibu vya kutosha na nyingine yaweza kushuka hapo ulipo, ndo maana aingie ndani, asijibanze chini ya mti, na atulie mpaka ipite nusu saa bila ngurumo.

Basi mama, ukimwita mwanao hukosei kumwita, badilisha neno moja tu: "ingia ndani, ngurumo hiyo inalia, radi isije ikakupiga".