Bakuli la Panchi na Mikono Ambayo Haikualikwa Mezani

Sisi tunaofanya kazi ya makumbusho huanza na chombo ndipo tuulize kilichokuwa ndani yake. Katika karne ya 18 wafinyanzi wa Liverpool, Uingereza, walitengeneza mabakuli makubwa meupe ya kunywea panchi, yaani pombe kali iliyochanganywa na maji, sukari na ndimu, kwa pamoja. Ndani, chini kabisa, walichora meli iliyotweka matanga, na kando yake maneno ya kuitakia safari ya heri. Watu waliketi kulizunguka, wakachota kwa upawa mmoja, wakaongea biashara, na kadiri panchi ilivyopungua ndivyo meli ilivyojitokeza. Baadhi ya meli hizo zilikuwa zinakwenda Afrika Magharibi kununua watu.

Naanzia hapo kwa sababu panchi ya ramu, pombe kali itokanayo na miwa, siku hizi hutangazwa kwa picha za minazi na vipande vya nanasi, kana kwamba ilichumwa mtini. Ni kinywaji cha ushirika kweli, na raha ya kunywa chombo kimoja naielewa. Ila ushirika huo ulikuwa na mipaka yake, na hiyo ndiyo sehemu ya historia ambayo matangazo huiruka.

Kwanza, panchi haikuzaliwa Karibi. Ilizaliwa upande wetu, katika Bahari ya Hindi. Inatajwa mwaka 1632 katika barua ya Robert Adams, Mwingereza aliyekuwa India, akimtakia mwenzake wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki anywe panchi bila kupimiwa. Wazungu hao walikuwa mbali na kwao, na bia na divai zao ziliharibika kwa joto na urefu wa safari. Walichokikuta huku ni araki, pombe kali ya wenyeji, pamoja na sukari, ndimu na viungo. Daktari John Fryer, aliyezunguka India katika miaka ya 1670, alieleza kuwa jina linatokana na neno la Kihindustani lenye maana ya tano, yaani vitu vitano: pombe, sukari, uchachu wa ndimu, maji na kiungo. Wapo wanaolihusisha jina hilo na aina ya pipa, lakini hesabu ya tano ndiyo inayokubaliwa na wengi, na mimi naona inalingana zaidi na kilichokuwemo bakulini.

Mabaharia wakaichukua desturi hiyo hadi Atlantiki, na huko araki ikampisha ramu. Kisiwa cha Barbados, huko Karibi, kilikuwa kimegeuzwa mashamba ya miwa tangu miaka ya 1640. Juisi ya miwa ikichemshwa na sukari ikiganda, hubaki uji mzito mweusi, molasi. Molasi hiyo ilichanganywa na maji na mapovu yaliyoenguliwa kwenye masufuria ya sukari, ikaachwa ichachuke, kisha ikakenekwa. Maandishi ya mwaka 1651 yanaiita pombe hiyo muuaji wa shetani, na kuieleza kuwa ni kali, ya moto na ya kutisha.

Walioikata miwa, kuisaga, kuichemsha na kuikeneka walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Msimu wa mavuno vinu havikulala. Mtu aliyechoka usiku akiilisha miwa kwenye magogo ya kusagia aliweza kuvutwa vidole, na mashamba mengine yaliweka panga karibu ili mkono ukatwe kabla mwili wote haujaingia. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Sukari na ramu, vitu viwili katika vile vitano, vilitoka kwenye kinu kile kile.

Barbados wana kanuni ya kuimba: moja ya uchachu, mbili za utamu, tatu za ukali, nne za maji. Juu yake hukwaruzwa kungumanga. Jumla ni sehemu 10. Ramu ya asilimia 40 ikiwa sehemu tatu, bakuli zima linafikia asilimia 12 ya kilevi, sawa na aina nyingi za divai. Bilauri ya mililita 250 hubeba gramu 24 hivi za kilevi halisi, huku mdomo ukihisi juisi tu. Chupa ya bia mtu huihesabu. Upawa hauhesabiwi, na barafu na matunda huongeza udanganyifu. Anayewaandalia wageni bakuli la namna hii awaambie waziwazi limo nini, aliweke mbali na watoto, na anayeendesha gari asichote.

Jeshi la majini la Uingereza lililiona tatizo hilo mapema. Mwaka 1740 Admirali Edward Vernon aliamuru ramu ya mabaharia ichanganywe na maji kipimo kimoja kwa vinne, igawiwe mara mbili kwa siku. Mgao wa ramu uliendelea hadi tarehe 31 Julai 1970. Zile panchi za mabakuli makubwa yenye mirija mirefu, zinazodhaniwa ni za visiwa vya Pasifiki, zilibuniwa California kuanzia miaka ya 1930, marufuku ya pombe ilipokwisha Marekani.

Pwani yetu nayo imo katika habari hii. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20, sarafu za fedha za wakati ule, kila mtu. Walipelekwa Morisi na Réunion, visiwa vya mashamba vilivyokuja kutawaliwa na miwa, na wengi zaidi walifuata njia hiyo kutoka Msumbiji na Madagaska. Utumwa ulikomeshwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, na hadi leo siku hiyo ni sikukuu kisiwani.

Huko Réunion nyumba nyingi huwa na mtungi wa ramu iliyolowekwa matunda, majani, mdalasini na vanila kwa wiki au miezi, kisha mgeni hukaribishwa kwa kikombe kidogo. Nyuma ya vanila ile kuna jina la mtu. Mmea ulitoka Meksiko, ukachanua Réunion bila kuzaa, kwa kuwa wadudu wa kuchavusha maua yake hawakuwako. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond, alionyesha kwamba kijiti chembamba kinatosha kuinua utando ndani ya ua, kisha kidole gumba kikaibana chavua mahali pake. Ua moja, sekunde chache. Maarifa yake yakatajirisha wenye mashamba kisiwani, yakavuka hadi Madagaska na Komoro. Yeye alipata uhuru mwaka 1848 pamoja na jina la ukoo, Albius, na alikufa maskini mwaka 1880.

Mkulima wa vanila wa Bukoba, Tanzania, au Mukono, Uganda, anayeamka alfajiri, kijiti mkononi, kuwahi maua yanayodumu siku moja tu, bado anafanya kitendo kile kile cha Edmond.