Viungo vya mifupa, na goti la mtoto ambalo halichuliwi

Maswali haya huulizwa na kina mama kliniki, vijana wa bodaboda, na kina bibi wanaowasindikiza wajukuu. Mengine nimeyajibu kwa mkato. Suala la kuchua nimelirudia mara kadhaa, na nimelirudia makusudi.

Kiungo ni nini hasa?

Ni mahali mfupa mmoja unapokutana na mwingine. Mtu mzima ana mifupa 206, kwa hiyo viungo ni vingi. Vinagawanywa kwa kuangalia kilichopo katikati: nyuzi ngumu, gegedu, au uwazi mwembamba wenye ute.

Vya nyuzi viko wapi?

Kwenye fuvu, kwenye mizizi ya meno ndani ya taya, na chini ya muundi, pale mifupa miwili ya mguu inaposhikana karibu na kifundo. Havichezi, au vinacheza kidogo mno.

Kwa mtoto mchanga mifupa ya fuvu haijakaribiana, ndiyo maana utosi ni laini na unapwita. Utosi wa kisogoni hufunga mapema, kwa kawaida ndani ya miezi 2 au 3. Wa mbele hufunga kati ya miezi 12 na 18 kwa watoto wengi. Ukiona umebonyea, mtoto ameishiwa maji, mara nyingi kwa kuharisha na kutapika. Mnyonyeshe, mpe ORS, mlete. Dawa ya kupaka utosini hairudishi maji mwilini, kina mama, hata ikipakwa kutwa nzima. Na utosi uliotuna kwa mtoto mwenye homa ni hospitali saa hiyo hiyo.

Na vya gegedu?

Shika ncha ya pua yako uitikise: hiyo ndiyo gegedu. Iko kati ya pingili za uti wa mgongo, na mbele kwenye kinena. Hapo kinena hulegea kidogo wakati wa ujauzito, na baadhi ya kina mama husikia maumivu wakigeuka kitandani au wakipanda ngazi.

Kwa watoto kuna gegedu nyingine karibu na ncha za mifupa mirefu. Hapo ndipo mfupa unaporefukia, mpaka hapo pafunge kwenye miaka ya kubalehe au baadaye kidogo.

Mwanangu kaanguka mwembeni, mkono umevimba. Wanasema kateguka tu, avutwe. Avutwe?

Hapana. Kwa mtoto, kano, yaani nyuzi zinazofunga mfupa na mfupa, mara nyingi ni imara kuliko ile gegedu ya kukulia, kwa hiyo kinachoitwa kuteguka huweza kuwa mfupa uliovunjika hapo hapo unapokulia. Ukivutwa ovyo, mkono unaweza kukua umepinda au ukawa mfupi kuliko mwenzake. Ufunge usicheze, apigwe picha ya eksirei. Vijana wa bodaboda nanyi, bega likichomoka msivutane wenyewe barabarani. Kuna mishipa ya fahamu na ya damu inayopita hapo.

Viungo vya ute ndiyo vipi?

Ndivyo hivi mnavyovijua: bega, kiwiko, nyonga, goti, vidole. Ncha za mifupa zimefunikwa gegedu laini, zikazungukwa na mfuko, na ndani ya mfuko mna ute unaolainisha kama mafuta kwenye bawaba. Nje zipo kano za kushikilia.

Sasa nisikilizeni. Gegedu hiyo haina mishipa ya damu. Ikiharibika, haioti tena kama ngozi. Na hakuna kinachoiharibu haraka kama usaha. Vijidudu vikiingia ndani ya kiungo, siku chache zinatosha kuila.

Mtoto ana homa, goti limevimba na lina moto. Tumchue kwanza tuone?

Hapana. Usimchue. Usimkande kwa maji ya moto, usimpake mafuta ukamsugua, usimpeleke kuchanjwa chale. Goti lenye moto, lililovimba, kwa mtoto mwenye homa asiyetaka kukanyaga, lihesabu kuwa lina usaha mpaka daktari aseme halina. Mlete siku hiyo hiyo.

Ninachokiona ni hiki: mtoto analetwa baada ya wiki nzima, goti linang'aa mafuta ya nazi, limechuliwa asubuhi na jioni. Usaha tunautoa, lakini gegedu imeshakwenda. Mtoto huyo anabaki na goti gumu au mguu mfupi maisha yake yote, na ugonjwa wenyewe ungetibika.

Mbona mtoto wa jirani alichuliwa akapona?

Basi hakuwa na usaha. Kwa kutazama nje tu, wewe huwezi kujua, na mchuaji hawezi. Bibi, shikamoo, mikono yako imelea wengi na tunaiheshimu. Lakini kiungo chenye moto na homa usikiguse.

Mtoto wangu hajavimba popote, ila analia kila nikimbadilisha nepi na mguu mmoja hauchezeshi.

Hiyo yaweza kuwa nyonga. Iko ndani sana, uvimbe hauonekani. Usaha ukijaa hapo, hukandamiza mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa unakufa. Mtoto mkubwa kidogo mwenye nyonga mbovu huweza hata kulalamika goti. Huyu naye hachuliwi. Analetwa leo.

Tumempa dawa za duka la dawa, homa imeshuka. Tusubiri?

Hapana. Panadol inashusha homa, haitoi usaha. Vidonge vichache vya antibayotiki vinaficha dalili huku kiungo kinaendelea kuliwa.

Ana selimundu. Si maumivu yake ya kawaida?

Yanaweza kuwa hayo. Lakini watoto wa selimundu hupata pia maambukizi ya mifupa na viungo kwa urahisi zaidi, kwa hiyo wao ndio wa kwanza kuletwa. Msizoee maumivu yao.

Hospitali si watamkata mguu?

Hofu hii ndiyo inayowaweka watu nyumbani. Matibabu ni kuvuta ute kwa sindano ili upimwe, kuusafisha usaha kwa upasuaji ikibidi, na antibayotiki ya mshipani. Picha ya eksirei siku za mwanzo inaweza kuonekana safi, kwa hiyo ukiambiwa mfupa uko salama na mtoto bado ana homa na hakanyagi, usiondoke, uliza tena.

Niko mbali, Pangani au ndani Muheza. Nianzie wapi?

Kituo cha karibu, hata usiku. Sema maneno haya: ana homa, kiungo kimevimba, hakanyagi, toka siku fulani. Ukipewa rufaa kuja Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanga, njoo nayo siku hiyo, usipitie kwa mchuaji njiani. Na kama ameshachuliwa au amepewa dawa yoyote, taja, hakuna atakayekugombeza. Mguu wake uweke jinsi anavyopenda kuulaza, msimnyooshe kwa nguvu.