Nyotamkia haitaki kuvutwa

Kila nikionyesha picha ya nyotamkia, swali la kwanza ni lilelile: "Kaka, hiyo darubini yako inavuta mara ngapi?" Nikijibu kwamba nimetumia lenzi ya milimita 50 na stendi ya kamera, mtu anaona ninamficha. Wiki hii nimeulizwa tena, na aliyeuliza alikuwa anajiandaa kununua darubini kubwa kwa ajili hiyo tu. Jamani, subirini kwanza.

Tuchukue nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS ya mwaka 2024. Ililipita Jua kwa karibu Septemba 27, ikaikaribia Dunia Oktoba 12, na jioni zilizofuata mkia wake ulitanda zaidi ya digrii 10. Mwezi mpevu una nusu digrii tu. Sasa piga hesabu: darubini ya milimita 1000 kwenye kamera ya APS-C (yenye kihisi cha upana wa milimita 23 hivi) inakupa kipande cha anga chenye upana wa digrii 1.3. Utapata kichwa na ukungu wake, basi. Mkia, ambao ndio uliokutoa nyumbani, utabaki nje ya picha. Lenzi ya 50 inakupa digrii 25 hivi. Ya 135 inakupa kati ya 9 na 10, na hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mengine ni mepesi. Piga RAW (faili ghafi la kamera), f/2 au f/2.8 (lenzi ikiwa wazi sana), ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 800 hadi 1600, weka taima ili kidole kisitikise kamera. Fokasi iweke kwa mkono ukitumia nyota kali. Jioni zile Zuhura ilikuwa palepale magharibi.

Kinachoniudhi hasa ni ile kanuni ya 500, inayorudiwa kila mahali kana kwamba ni sheria. Ili ujue fremu ikae wazi sekunde ngapi kabla nyota hazijaburuzika, unagawa 500 kwa milimita za lenzi, unaambiwa sekunde 10 ni salama kwa lenzi ya 50. Si salama! Anga linazunguka sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya digrii). Kwa lenzi hiyo, pikseli moja ya kamera yangu inabeba kama sekunde 18 za tao, kwa hiyo sekunde 10 zinaiburuta nyota pikseli nane. Kanuni hiyo ni ya enzi za filamu. Tena nyotamkia ile ilikuwa karibu na ikweta ya anga, yaani mstari ulio juu ya ikweta ya Dunia, ambako nyota husogea kasi kuliko popote. Mimi napiga sekunde 3 au 4, fremu nyingi, kisha naziunganisha kwenye programu.

"Si ununue mtambo wa kufuata nyota, unaoizungusha kamera pamoja na anga?" Ninao. Lakini kijitabu chake kinakuambia uulenge kwa Polaris, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini ambayo anga huizunguka, na hapa Dar Polaris iko chini ya upeo wa macho. Ncha ya kusini ya anga iko digrii 7 tu juu, na nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno kupenya mvuke wa pwani. Walio Nairobi hali ni ngumu zaidi: ncha iko juu kidogo tu ya digrii 1. Tunalenga kwa dira na kipima mwinamo cha simu. Kwa lenzi ya 50 na fremu ya sekunde 30 inakubali. Kwa milimita 1000, sahau. Na huko kwenye milimita 1000 nyotamkia yenyewe inakimbia: ikisogea digrii 4 kwa siku, ni sekunde 10 za tao kila dakika, pikseli zaidi ya kumi. Ukifuata nyota, kichwa kinakuwa mstari. Ukifuata kichwa, nyota zinakuwa mistari.

Kuna jambo moja ambalo sijaridhika nalo. Nyotamkia kali huonekana chini, kwenye mwanga wa machweo au mapambazuko, na mwanga huo lazima uuondoe kwenye programu. Programu haijui wapi machweo yanaishia na mkia unaanza. Ukikaza, inakula mkia; ukilegeza, unajitengenezea mkia ambao haukuwepo. Nimeona picha nzuri za jioni ileile zikitofautiana urefu wa mkia karibu mara mbili, na siwezi kuapa kwamba yangu ndiyo ya kweli. Kwa hiyo mtu akitaka kujua urefu, nampimia kwenye fremu ghafi, kabla sijagusa kitu.